Ukili wa marehemu mke wangu umebaki kwenye kikapu. Nani aumalize?

BARUA

Assalamu alaykum Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 52, mkazi wa Wete, Pemba. Mke wangu alifariki miezi saba iliyopita kwa maradhi ya figo. Tumejaaliwa watoto watatu: binti wa miaka 23, kijana wa miaka 19 anayesoma Unguja, na kitinda mimba wetu wa kike ana miaka 9.

Marehemu alikuwa msukaji wa mikeka. Alifundishwa na mama yake tangu mdogo, lakini aliipita kazi aliyofundishwa. Alikuwa anakaa barazani na mkaa anachora sakafuni, anafuta, anachora tena, halafu ndiyo anakwenda kutia rangi ukindu, majani ya mkindu ya kusukia. Maua aliyoyasuka yeye sijayaona kwa mtu mwingine. Kila mkeka wake una chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, tatu za zambarau kwenye pembe moja, ndiyo alama yake. Na alikuwa hasuki kimya. Huimba, nyimbo nyingine za kwake mwenyewe, na miaka ya karibuni akizirekodi kwa simu na kuzituma kwenye kundi la familia ili mwanetu wa Unguja asikie sauti ya nyumbani.

Ameacha mikeka 9 iliyokamilika, misala 2, na kikapu chenye ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, ambao hakuumaliza, kama pima 16. Ameacha kanga nyingi, na simu ambayo niliizima siku ya tatu nikaifungia kabatini.

Shida yangu ni hii. Dada yangu mkubwa anasema miezi saba inatosha, vitu vyote vitolewe sadaka ili thawabu zimfikie, na kwamba kuviweka ni kutokubali kadari ya Mungu. Pia amenidokezea kwamba chumba kile hakuna mwanamke mwingine atakayeingia kikiwa hivyo. Binti yangu mkubwa ameshautoa ukili mara mbili anataka kuumaliza. Mkono wake ni mzito, si kama wa mama yake, nami nimemkataza. Tulizozana akalia. Kijana anataka kuziweka nyimbo za mama yake mtandaoni watu wamjue. Mimi naona mke wangu hakupenda makuu. Huyu mdogo yeye haombi kitu, ila nimemkuta mara nyingi amejifunika kanga ya mama yake ambayo haijafuliwa, na wiki iliyopita kaniambia, "Baba, nimeanza kusahau anavyocheka."

Mimi nataka vitu vibaki kama alivyoviacha. Ni vitu vya mke wangu, viko ndani kwangu, naona nina haki hiyo. Lakini nyumba imekuwa haina raha. Mama mkwe yuko Micheweni, ni mtu mzima sana, sijataka kumsumbua na mambo haya.

Nimesahau kusema, ule ukili ulikuwa wa mkeka wa futi sita kwa nne wa mama mmoja wa Chake Chake. Alitanguliza shilingi 40,000. Hajaulizia, nadhani kwa haya.

Nifanyeje?

Baba wa watatu, Wete


JIBU

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Pole sana, na Mola amrehemu mama watoto, amlaze mahali pema.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Kwa maneno yako, shida ni kwamba watu wanne wa nyumba moja wanavitaka vitu vilevile kwa njia nne: dada yako atoe, binti amalize, kijana atangaze, wewe ulinde. Mimi naona wa tano pia, yule mwenye kanga, na wa sita yuko Micheweni. Nitarudi kwake.

Kabla ya kuuliza nani yuko sawa, tutenganishe vitu vinavyoharibika vikingoja na vitu visivyoharibika. Unataka vyote vibaki kama alivyoviacha, kana kwamba kufuli linavilinda sawasawa. Halivilindi.

Simu ndiyo ya kwanza. Simu iliyozimwa miezi mingi betri yake huisha kabisa, na betri iliyokaa tupu muda mrefu huweza kukataa chaji au kuvimba. Itoe, itazame mgongoni. Kama kifuniko kimenyanyuka usiichaji, mpelekee fundi aitoe betri. Kama iko salama, ichaji hadi kama nusu, uiwashe. Kama hamjui namba ya siri msibahatishe ovyo, kwa sababu simu nyingine hujifunga na nyingine hufuta kila kitu baada ya makosa kadhaa. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, kwa hiyo huenda ya marehemu imeshaondoka. Usishtuke. Sauti na picha zilizokwisha kuingia ndani ya simu hubaki humo maadamu programu yenyewe haijaondolewa. Basi asije mtu akaifuta WhatsApp "kupunguza nafasi". Na laini nayo, ikikaa bila kutumika, kampuni huifunga na baadaye namba hupewa mtu mwingine.

Kazi hii mpe kijana wako. Aunganishe simu na kompyuta, afungue faili za WhatsApp, achukue folda yote ya sauti kama ilivyo. Asizicheze hewani na kuzirekodi upya kwa simu nyingine, sauti hupotea nusu. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja nje ya nyumba yenu, kwa jamaa au kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake mnaijua watu wawili. Flashi peke yake si ya kutegemea, hufa bila kuaga. Na simu yako mwenyewe ina hizo sauti, maana alizituma kundini. Waulize na mashoga zake, huenda wana za zamani kuliko zenu. Kila moja ipewe jina linaloeleweka: mwezi na mwaka, wimbo gani, alikuwa anasuka nini. Hayo ya mwisho unayajua wewe, si kijana.

Mikeka ndiyo ya pili. Hewa ya Pemba ina unyevu, na mkeka uliofungiwa ndani huota ukungu. Itoe, ianike kivulini penye upepo, kamwe si juani kwa siku nzima: zambarau na kijani hupauka haraka, na rangi ikishapauka hairudi. Ukiona ukungu, pangusa nje ya nyumba kwa brashi kavu laini, ukiwa umeziba pua. Usiuoshe kwa maji na sabuni, rangi zitachuruzikiana na maua yake yatakwisha. Kama uliikunja, ikunjue leo. Ukindu mkavu huvunjika palepale penye mkunjo, na chane ikikatika ukili wote wa pale hufumuka. Mkeka huviringishwa, ikiwezekana juu ya bomba la plastiki, halafu huvikwa shuka la pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani. Viringisho visiguse sakafu wala ukuta, na vifunguliwe kila baada ya mwezi au miwili kutazama wadudu. Anayetumia karafuu kwa harufu atumie, ila asizitegemee badala ya kutazama.

Hayo hayahitaji kikao wala hukumu ya mtu, na yakifanyika utakuwa umejipatia muda wa kufikiri.

Sasa niruhusu nikuulize kuhusu sentensi moja. Umeandika: "Ni vitu vya mke wangu, viko ndani kwangu, naona nina haki hiyo." Haki unayo, lakini je, ni yako peke yako? Alichokisuka kwa mikono yake kilikuwa mali yake. Hata kanga ulizompa zawadi zilishakuwa zake. Alipofariki, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia kama upo (nao hauzidi thuluthi), kilichobaki ni mirathi. Mume, mke akiwa ameacha watoto, ana robo. Mama yake ana sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Kama baba yake alishafariki, kinachobaki ni cha watoto, kijana akipata mafungu mawili na kila binti moja. Tuseme tu kwa mfano mikeka, misala na kanga vimethaminiwa shilingi 1,200,000: yako ni 300,000, ya mama mkwe 200,000, ya kijana 350,000, na kila binti 175,000.

Sikupi hesabu hii ili mkavipime kwa mizani. Nakupa kwa sababu inabadilisha mazungumzo. Dada yako, pamoja na mapenzi yake yote, si mrithi, na sadaka haitolewi katika mali ya warithi bila ridhaa yao. Warithi wazima wanaweza kuridhia mafungu yao. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuridhia, na wewe baba yake huwezi kumridhia: fungu lake halitolewi sadaka na mtu yeyote. Jibu hilo unaweza kumpa dada yako kwa upole bila kugombana naye juu ya kadari. Mwambie pia kwamba mlango haukufungwa: wewe unaweza kutoa robo yako yote ukitaka, au msala mmoja ukapelekwa msikitini kwa nia yake, mkishakubaliana wenye mafungu. Kwa hesabu kamili, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huwapangia watu mirathi, na likitokea vuta nikuvute ipo Mahakama ya Kadhi.

Lile la mwanamke mwingine kuingia chumbani, liache lije kwa wakati wake. Si la kuamuliwa na kabati.

Umesema hukutaka kumsumbua mama mkwe. Nia ni njema. Lakini yeye ni mrithi, tena amefiwa na mwanawe, na wewe ndiye uliyeandika kwamba ndiye aliyemfundisha kazi. Je, una hakika kunyamaza kwako analiona kama heshima? Huenda analiona hivyo. Huenda pia anakaa Micheweni akijiuliza mikeka ya mwanawe imeishia wapi. Mtu mzima sana ni sababu ya kwenda mapema.

Nalo jambo uliloliweka mwisho kana kwamba ni la kando, mimi nimeliona zito kuliko yote. Shilingi 40,000 za mama wa Chake Chake ni deni la marehemu. Deni hutangulia mirathi na hutangulia sadaka. Kunyamaza kwake si kusamehe mpaka aseme mwenyewe amesamehe. Hapa pana njia tatu. Kumrudishia pesa ndiyo nyepesi, na ukili unabaki kwenu. Kumwomba asubiri mkeka umalizwe ni njia ya pili, lakini lazima ajue utamalizwa na mkono mwingine, asije akapokea kitu akidhani ni kingine. Ya tatu ni kumwachia yeye achague, labda mkeka mmoja katika ile 9, kama warithi wataridhia. Usichague kabla ya kuongea naye. Wateja wengine wa mikeka ya harusi wana siku yao, wengine hawana haraka yoyote.

Tuje kwenye ukili wenyewe, maana ndio uliowaliza. Pima moja ni futi sita, basi katika mkeka wa futi sita kila safu inakula pima moja. Kama ukili wa mama ni wa upana wa vidole vitatu hivi, sentimita 5, na mshono unakula kidogo ukingoni, futi nne za upana zinataka safu 25 au 26. Mnazo 16. Zimepungua pima 9 au 10, na hizo ndizo zitakazosukwa na binti.

Una hofu mkono wake utaharibu. Hofu hiyo ina msingi. Mtu anayekaza chane zaidi husuka ukili mwembamba, anayelegeza hutoa mpana, na tofauti ndogo tu ikirudiwa safu kumi huufanya mkeka uvute upande, ukitandikwa pembe moja inanyanyuka. Ndiyo maana asianzie kwenye ukili wa mama. Ahesabu chane za ukili ule, asuke wake pima mbili za majaribio kwa idadi ileile, aulaze ubavuni mwa ule wa zamani apime upana kwa rula kila baada ya urefu wa mkono mmoja. Ukindu aulowanishe kidogo kabla, mkavu unakatika vidoleni. Na rangi haitalingana hata akinunua unga wa rangi kwa muuzaji yuleyule, kwa sababu ya zamani imeshatulia na mpya inang'aa. Wasukaji wengine wangejaribu kuificha tofauti hiyo. Nyinyi mnaweza kuamua isifichwe: safu za mama zikae pamoja na za binti pamoja, na mshono wa pale zinapokutana ushonwe kwa uzi wa ukindu usiotiwa rangi, ajue kila mtu wapi mmoja aliishia.

Si lazima iwe hivyo. Pima 16 kama zilivyo, bila kuongeza hata chane moja, zinatoa mkeka wa futi sita kwa mbili na nusu. Au msala wa futi nne kwa mbili na nusu, ambao utakula pima kumi na kitu, zikabaki tano. Hapo binti hasuki, anashona tu, na mshono hufumuliwa ukikosewa bila kuudhuru ukili. Na upo uwezekano wa kuuacha kikapuni usiguswe, ambao ndio unaoutaka wewe. Hasara yake ni kwamba ukindu uliolala kwenye mzingo mmoja miaka mingi hukakamaa, na siku mtakapobadili nia huenda usikubali tena kunyooka. Hasara ya kuushona ni kwamba hamtakuwa tena na kitu kilichoachwa na mkono wake katikati ya kazi. Zote mbili ni hasara za kweli.

Nakuuliza hili bila kukulaumu: binti alipoushika ukili ule, una hakika alitaka kumaliza mkeka? Au alitaka kukaa pale mama yake alipokuwa akikaa? Kama ni la pili, halihitaji ukili ule. Linahitaji mafungu machache ya ukindu mpya, na bibi wa Micheweni.

Kuhusu nyimbo, unasema mke wako hakupenda makuu. Wewe ndiye uliyemjua, sitakubishia. Ila mtu huyohuyo aliweka chane tatu za zambarau kwenye kila mkeka aliouza. Yawezekana hakupenda kutazamwa yeye, lakini alipenda kazi yake ijulikane ni ya nani. Kijana naye asikie upande wa pili: alizirekodi kwa ajili ya kundi la familia, hakuulizwa kuhusu watu wengine. Wimbo ukishawekwa hadharani haurudi, mtu yeyote anaweza kuukata, kuupigia ala na kuuweka chini ya tangazo la sabuni. Kati ya kabati na dunia nzima pana nafasi kubwa. Mnaweza kuziweka mahali pa faragha wazipate jamaa tu, mkaandika maneno ya nyimbo alizozitunga mwenyewe pamoja na jina lake, halafu swali la hadharani mkaliacha mpaka mwaka upite. Mngeweza pia kuonyesha mikeka yake bila sauti yake.

Mikeka ipigwe picha, kila mmoja mzima, kisha pembe yenye alama ikiwa na rula pembeni. Majina ya maua waulizeni wasukaji wenzake, kwa sababu ua lisilo na jina hupotea hata mkeka ukiwepo. Jina, mwaka na aliyesukiwa andikeni kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha bafta, mkishone nyuma kwa uzi. Msitumie gundi wala pini, pini hushika kutu na kuoza chane.

Na kitinda mimba. Ile kanga usiifue, na usimnyang'anye. Lakini jasho na mafuta huvuta wadudu, na harufu itaisha tu, hasa kanga ikilaliwa kila usiku. Mkipenda, doti ile igawanywe: kipande kimoja abaki nacho, cha pili kiviringishwe kwenye kitambaa cha pamba na kuwekwa katika chupa kubwa ya kifuniko kinachokaza, kifunguliwe mara chache kwa makubaliano naye. Mwambieni mapema kwamba siku moja harufu haitakuwepo, asije akadhani ameimaliza yeye. Kanga nyingine zifuliwe, zikauke kabisa ndipo zikunjwe.

Mtoto wa miaka 9 anajua kwamba mama harudi. Kinachomtisha mara nyingi ni kuona wakubwa hawamtaji. Anauliza habari za kicheko, na jibu lake limo katika ile simu: kwenye sauti za kundini, katikati ya wimbo, huenda kuna mahali mama alikosea akacheka. Zitafuteni pamoja naye, na uzisikilize wewe kwanza ukiwa peke yako, ujue utajibu nini akikuuliza mbona unalia.